MAMA, USIGEUZE USO: SOMO JUU YA SINDANO SALAMA



Leo umekuja kupima mimba, ao umeleta mtoto kilo. Pengine umetoka Mangobo ao Kabondo kwa miguu. Pengine umelipa toleka, ao umevuka mto kutoka Lubunga. Sasa unakaa kwenye benchi na fishi mkononi, unangoja waite jina lako. Utaingia ndani, na huenda wewe ao mtoto mtapigwa sindano.

Katika dakika ile wamama wengi wanageuza uso. Wanafunika macho ya mtoto, na wao wenyewe wanatazama ukuta. Wanaogopa kuona. Wengine wanafikiri kwamba kuangalia kazi ya munganga ni kukosa heshima.

Somo hili lina neno moja tu la kukufundisha: usigeuze uso. Uangalie sindano, na kama hukuelewa, uulize. Macho yako ni ulinzi wa mtoto wako, na sheria ya nchi yetu inasimama upande wako.

1. KWA NINI SINDANO INAWEZA KULETA UGONJWA?

Ngozi ya mtu ni kama ukuta wa nyumba. Inazuia vijidudu visiingie. Sindano inatoboa ukuta huo na kuingiza dawa ndani. Ikiwa sindano ni safi, dawa peke yake inaingia. Ikiwa sindano imetumiwa kwa mtu mwingine, damu yake inaingia pamoja na dawa, hata kama ni kidogo sana na macho hayaioni.

Kwa njia hiyo mtu anaweza kupata SIDA, ugonjwa wa ini (wanaouita hepatiti B na C), na majipu makubwa. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 sindano chafu ziliambukiza watu wapatao milioni 21 hepatiti B, watu milioni 2 hepatiti C, na watu 260,000 virusi vya SIDA, katika dunia nzima. Watu hao walikuwa wamekwenda kutafuta dawa, wakarudi nyumbani na ugonjwa mwingine.

2. MAMBO YALIYOTOKEA YAMBUKU MWAKA 1976

Hatuhitaji kwenda mbali ili kujifunza jambo hili. Ukishuka mto kutoka Kisangani unafika Bumba. Kaskazini ya Bumba kuna kijiji cha Yambuku, ambacho leo kiko katika jimbo la Mongala. Mwaka 1976 kulikuwa pale hospitali ya misioni yenye vitanda 120. Watu wa vijiji vingi waliipenda na walikuja kwa wingi, kwa sababu ilikuwa na dawa. Watawa kutoka Ubelgiji na wauguzi wa Kongo walifanya kazi pale kwa bidii. Daktari hakukuwapo.

Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu. Hizo tano zilipaswa kutosha kwa wagonjwa wa nje, kwa wamama wenye mimba, na kwa wagonjwa waliolala vitandani. Baada ya mtu mmoja, sindano ilisuuzwa katika chombo cha maji ya vuguvugu, halafu ikatumiwa kwa mtu aliyefuata. Mara nyingine zilichemshwa jioni, kazi ilipokwisha.

Tarehe 26 Agosti 1976 mtu mmoja alikuja na homa. Walifikiri ni malaria, wakampiga sindano ya klorokini. Siku chache baadaye homa ilimrudia, akaanza kutoka damu, akafa. Baada yake wakaanza kuugua watu waliokuwa wamepigwa sindano pale hospitali, na jamaa waliowauguza na kuosha maiti zao. Ulikuwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Baadaye ulipewa jina la mto Ebola, unaopita katika nchi ile.

Watu 318 waliugua. Watu 280 walikufa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 13 waliugua na 11 walikufa, watawa na wauguzi pamoja. Wanawake wa miaka 15 mpaka 29 ndio waliopatwa kuliko wengine. Waganga waliofanya uchunguzi waliona sababu: wengi wao walikuwa wamekwenda kupima mimba ao kutibiwa, na pale kliniki walipigwa sindano. Watu ambao ugonjwa uliwafikia kwa njia ya sindano peke yake, hakupona hata mmoja.

Jambo moja la Yambuku inafaa ulikumbuke vizuri. Katika hospitali ileile, chumba cha kupasulia kilikuwa na sindano zake na vyombo vyake vya kutosha. Viliwekwa mbali na vingine, na kila mara baada ya kazi vilisafishwa kwa moto wa mvuke katika mashine. Maana yake, njia ya usafi ilijulikana katika nyumba ile. Lakini haikufika kwenye meza ya wamama wenye mimba.

Hatusemi haya ili kuhukumu marehemu. Walikufa kazini, pamoja na wagonjwa wao. Tunasema kwa sababu nia njema haiui vijidudu. Mtu mwenye moyo mwema anaweza kukuua kwa sindano chafu sawasawa na mtu mwenye moyo mbaya. Hata sisi wa hospitali za misioni tunapaswa kuangaliwa.

3. MAMBO MATANO YA KUANGALIA

Siku hizi hakuna tena sababu ya kusuuza sindano. Kila sindano ni ya kutumia mara moja na kutupa. Kwa chanjo za watoto, OMS na UNICEF walitangaza mwaka 1999 kwamba inafaa kutumia sindano inayojifunga yenyewe: ukiisha kusukuma dawa mara moja, haivutiki tena. Basi uangalie hivi:

Kwanza, mikono. Munganga anawe ao asafishe mikono kabla ya kushika dawa.

Pili, mfuko. Sindano inatoka katika mfuko uliofungwa, na munganga anaufungua mbele yako. Mfuko uliopasuka, uliolowa maji, ao uliopita tarehe yake haufai. Kama umetumwa kununua sindano kwenye farmasi, ulete mfuko mzima, na uangalie kwamba sindano ile uliyoleta ndiyo inayotumika kwako.

Tatu, bomba na ncha pamoja. Watu wengine wanasema, “Tumebadilisha ncha, inatosha.” Haitoshi. Damu inaweza kurudi ndani ya bomba. Vyote viwili lazima viwe vipya.

Nne, chupa ya dawa. Uombe kusomewa jina lake na tarehe ya mwisho. Hapa usishangae: chupa moja ya chanjo ya surua ao ya BCG inahudumia watoto wengi. Hilo si kosa, mradi kila mtoto apate sindano yake mpya. Lakini chanjo hizo mbili, zikiisha kuchanganywa na maji yake, hazilali. Zinatupwa kazi ikiisha, ao baada ya saa sita, hata kama zimebaki.

Tano, sanduku. Baada ya kazi sindano inaingia moja kwa moja katika sanduku gumu la kutupia, bila kufunikwa tena kwa mkono. Sanduku likijaa robo tatu linafungwa na kwenda kuchomwa. Ukiona sindano zilizotumiwa zimetupwa uani, mahali watoto wanapocheza, ujulishe mkubwa wa kituo siku ileile.

Je, mtoto ameokota sindano na kujichoma? Osha mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue wala usinyonye. Umpeleke hospitali mara moja. Kuna dawa ya kuzuia virusi vya SIDA, lakini lazima ianze mbele ya saa 72 kupita, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyosaidia zaidi.

4. SI KILA UGONJWA UNAHITAJI SINDANO

Hapa kosa si la munganga peke yake. Tunasikia wamama wakisema, “Ule munganga hajui kazi, amenipa tu vidonge.” Wengine wanamwita mtu wa kartie aje kuchoma mtoto nyumbani, kwa falanga kidogo, na sindano anayoibeba mfukoni. Mama, huyo ndiye Yambuku anayetembea.

Malaria ya kawaida inapona kwa vidonge. Dawa ya kuzuia malaria ya mama mwenye mimba ni vidonge, na unavimeza palepale kliniki. Kikohozi cha kawaida hakihitaji sindano. Kidonge kinachofaa hakishindwi na sindano isiyofaa.

Lakini usikimbie sindano ya lazima! Chanjo za mtoto zinamlinda. Chanjo ya pepopunda inakulinda wewe na kitovu cha mtoto. Sindano ya kukaza mji wa uzazi mara mtoto anapotoka inazuia damu nyingi, ile inayoua wamama. Malaria kali, mtoto anapolegea ao kushtuka ao kushindwa kunyonya, inaanza kutibiwa kwa sindano ya artesunati. Sindano hizo zinaokoa. Tunataka tu ziwe safi.

Basi swali la kwanza la kumuuliza munganga ni hili: “Kuna vidonge vinavyoweza kufanya kazi hiyohiyo?” Kama anasema hapana, akueleze sababu.

5. DAWA YENYE JINA LA UONGO

Mwisho wa mwaka 2014 na katika mwaka 2015, huko Ituri, watu walianza kuja kwenye vituo vya afya na shingo iliyopinda, uso uliokazana na ulimi uliotoka nje. Wengi walikuwa watoto. Waganga waliogopa kwamba ni homa ya uti wa mgongo. Wagonjwa walipita 1,000, na wengine walikufa.

Vidonge vilipopimwa, jambo likajulikana. Chupa ziliandikwa diazepamu, lakini ndani mlikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Wauguzi wenyewe walikuwa wamedanganywa na karatasi ya chupa.

Mama asingeweza kujua kwa macho. Lakini aliyerudi haraka na mtoto wake, akasema amemeza dawa gani na ameipata wapi, alisaidia ukweli kupatikana. Nawe ufanye hivyo. Uchunge karatasi ya dawa, sanduku na vidonge vilivyobaki mpaka mgonjwa apone. Ukiona dalili mpya baada ya dawa, usiongeze dawa nyingine. Urudi na vitu vile vyote mkononi. Na usinunue vidonge vya kuhesabu kwa mkono sokoni, vilivyoanikwa juani bila jina wala tarehe.

6. NAMNA YA KUULIZA BILA UGOMVI

Wamama wanatuambia: “Nikiuliza, atakasirika. Kesho nikirudi na mtoto, atanipitisha wa mwisho.” Hofu hiyo tunaijua, na haitoki bure. Kwa hiyo uulize mapema, kabla sindano haijachukuliwa mezani, na uulize kwa sauti ya upole. Si kwa kunong’ona, wala si kwa kufoka. Kwa mfano:

– Mama munganga, tafazali, hii sindano ni ya nini?
– Ni chanjo ya surua.
– Aksanti. Naomba nione namna unafungula mufuko.
– Ona, mama. Mufuko ni huu, tarehe ni hii.
– Aksanti sana. Sasa niko na roho ya kutulia.

Maneno hayo hayavunji heshima ya mtu. Munganga anayejua kazi yake anafurahi, maana mama anayeangalia ni msaidizi wake. Siku moja amechoka, wagonjwa ni wengi, mkono wake unakwenda kwenye chupa isiyo yake. Swali lako dogo linamsimamisha.

Akikataa kufungua mfuko mbele yako, unaweza kusema: “Basi, papa munganga, nitangoja kwanza niongee na mukubwa wa kituo.” Kungoja nusu saa si hasara. Lakini kama mtoto ni mahututi, usiondoke naye hospitali. Umwite mkubwa aje palepale.

Ukienda pamoja na shangazi, dada, ao baba ya mtoto, ni vizuri zaidi. Mmoja amshike mtoto, mwingine aangalie.

7. SHERIA INASEMA NINI?

Wengine wanafikiri mgonjwa anapata huduma kwa huruma tu, na aliyepewa kwa huruma hapaswi kuuliza. Si hivyo.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema kwamba haki ya afya inalindwa. Tarehe 13 Desemba 2018 ilitoka pia sheria namba 18/035, inayoweka misingi ya kazi yote ya afya katika Kongo, kwa hospitali za serikali na za watu wengine.

Kuna sheria ya zamani zaidi, ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo mahakama zetu bado zinaitumia. Vifungu vyake vya 258 na 259 vinasema hivi kwa maana: mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, ao kwa uzembe wake, lazima alipe. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mwenye kazi anajibu kwa kosa ambalo mfanyakazi wake amelifanya kazini. Kwa hiyo hospitali haiwezi kusema tu, “Ni kosa la mwuguzi yule, sisi hatumo.”

Tena sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 52, inahesabu kuwa kosa kumwua ao kumwumiza mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Uangalifu, mama! Hilo ndilo neno lenyewe. Sheria haiulizi tu kama munganga alikuwa na nia mbaya. Inauliza kama alichukua tahadhari.

Lakini ujue pia: si kila kifo cha hospitali ni kosa la munganga. Magonjwa mengine yanashinda dawa, na wengine wanaletwa wamechelewa. Sheria inatafuta uzembe, haitafuti mtu wa kubebeshwa uchungu wetu.

8. KAMA JAMBO BAYA LIMETOKEA

Usikubali watu wa kartie waende kupiga wauguzi ao kuvunja madirisha. Kituo kikivunjika, ni mtoto wa jirani yako atakayekosa dawa kesho. Ufuate njia hii:

Uandike, ao umwombe mtoto wa masomo akuandikie: siku, saa, jina la dawa, na nani aliyeitoa. Uchunge fishi, karatasi za dawa na za malipo. Usimpe mtu karatasi yako ya pekee, umpe kopi.

Uongee kwanza na mkubwa wa kituo ao daktari mkuu wa hospitali, ukiwa pamoja na mtu wa kukushuhudia. Mambo mengi yanakwisha hapa.

Kama hakuna jibu, uende kwa munganga mkuu wa zoni ya afya. Katika mji wetu kuna zoni tano: Makiso-Kisangani, Kabondo, Mangobo, Tshopo na Lubunga. Kamati ya afya ya kartie yako inaweza kukusindikiza. Kazi yake ni kuleta sauti ya watu.

Kwa kosa la kazi, kuna baraza la madaktari na baraza la wauguzi, ambayo watu wanayaita Ordre. Baraza la wauguzi liliwekwa na sheria ya mwaka 2016. Na kwa jambo kubwa, kuna parke na mahakama.

Usingoje mwaka upite. Karatasi zinapotea, na watu wanasahau.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mtu mmoja, sindano moja mpya, bomba na ncha, mara moja tu.
Mfuko ufunguliwe mbele ya macho yako.
Usiombe sindano mahali kidonge kinatosha. Usikimbie sindano ya lazima.
Usikubali mchomaji wa nyumbani.
Uchunge fishi na dawa zilizobaki.
Uulize kwa upole, lakini uulize.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KWENYE BENCHI

1. Katika Yambuku, kwa nini wanawake wa miaka 15 mpaka 29 walipatwa kuliko wengine?
2. Munganga amebadilisha ncha, bomba ni lile lile. Utamwambia nini?
3. Jirani yako anamwita mtu kuchoma mtoto wake nyumbani. Utamsaidiaje bila kumwaibisha?
4. Leo, kabla ya kuitwa: ni maneno gani utakayosema ukiona sindano iko mezani bila mfuko? Uyaseme sasa kwa sauti, mama jirani akusikie.